Plasta Haingoji Kengele: Maswali Yenu Kuhusu Sanamu za Darasani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa walimu wa sanaa wanaofundisha sanamu za plasta. Katika majibu yetu, plasta ni ule unga mweupe uitwao plasta ya Paris. Unga wa kuzibia nyufa za ukuta na saruji nyeupe havina tabia ya unga huo, kwa hiyo vipimo vya hapa havivihusu.

Swali: Nina wanafunzi 36 na vipindi viwili vya dakika 40 vinavyofuatana. Tulikoroga ndoo moja kubwa ili wote wamimine. Nusu ya darasa ilimimina, nusu nyingine ikakuta ndoo imeshaganda, tena ina madonge. Tatizo ni nini?

Mwalimu, ndoo moja ya darasa zima haifai hata ikikorogwa vizuri kiasi gani. Tangu unga uguse maji una dakika kumi hadi kumi na tano za kazi, na kuwapitisha watoto 36 mbele ya ndoo moja huchukua zaidi ya hapo. Wagawe watatu watatu, kila kundi na beseni lake la plastiki laini la lita tatu hivi. Beseni laini lina faida nyingine: mabaki yakishakauka unalibinya, yanabanduka yenyewe.

Kipimo kizuri cha kumimina ni lita 1 ya maji kwa kilo 1.4 za unga. Utapata takriban lita moja na nusu ya uji wa plasta, unaotosha mabamba matatu ya sentimita 15 kwa 15 yenye unene wa sentimita 2, na kidogo kikabaki. Makundi 12 yatatumia karibu kilo 17, andaa 20. Kama hakuna mizani, usitegemee vikombe, maana unga uliotulia kwenye mfuko na unga uliotikiswa haujazi kikombe sawasawa. Tumia macho kwa njia ifuatayo.

Maji hutangulia, yawe ya baridi ya kawaida. Nyunyiza unga kwa mkono uliovaa glavu, konzi ndogo ndogo, ukiutawanya juu ya maji yote bila kukoroga. Unga utazama. Endelea mpaka vilima vidogo vianze kuchomoza juu ya maji na vikawa vinachelewa kulowa. Hapo acha kunyunyiza na usiguse kitu kwa dakika moja hadi mbili. Madonge hutibiwa kwa subira hii: unga uliopewa nafasi ya kunywa maji huvunjika wenyewe. Kisha koroga polepole dakika moja au mbili, kijiko kikibaki chini ya uso wa uji muda wote ili kisiingize hewa. Anayefanya kinyume, akamwagia maji juu ya unga, hulowesha tabaka la juu linaloshikana na kuufungia unga mkavu ndani. Madonge yako yalitoka huko.

Kuhusu kuganda mapema: plasta ni jasi iliyopikwa kwa takriban nyuzi 150 za Selsiasi hadi ikapoteza robo tatu ya maji yake. Ukiirudishia maji, inarudi kuwa jasi kwa kujenga fuwele nyembamba zinazofumana. Chembe yoyote ya plasta ya jana iliyobaki kwenye beseni au kijiko inakuwa mbegu ya fuwele hizo, na uji mzima unakimbia. Darasani hii ndiyo sababu ya kwanza, kabla ya maji ya vuguvugu, chumvi, au mtoto anayekoroga bila kukoma kwa sababu amefurahia. Beseni chafu lisipokee maji.

Na uji ukishaanza kuwa mzito, mtu asiongeze maji. Fuwele zimeshaanza kushikana. Ukizivunja na kuziongezea maji, utapata kitu kinachoganda kikiwa laini na kupukutika kama chaki. Huo ni wa kutupa, ingawa kutupa kunauma.

Upangaji wa vipindi: cha kwanza ni cha kutengeneza kalibu, cha pili cha kukoroga na kumimina, na uji uwe umeshamiminwa ifikapo dakika ya 20 ili zibaki 20 za kusafisha. Kutoa kazi kwenye kalibu kufanyike siku inayofuata. Kabla hata tone la maji halijamiminwa, kila kalibu iwe mezani, imefungwa pembeni, na ina jina la mwenyewe. Watatu hao nao wapewe kazi: mmoja wa unga, mmoja wa kukoroga, mmoja wa kumimina. Wakipokonyana kijiko, dakika mbili zimekwenda.

Swali: Tunakandika udongo wa mfinyanzi, tunachora ndani, kisha tunamimina plasta kupata bamba lenye picha iliyoinuka. Uso unatoka na vitundu vingi, na sehemu ndogo kama pua zinabaki ndani ya udongo.

Haya ni matatizo mawili yenye vyanzo tofauti.

Vitundu ni viputo vya hewa vilivyokwama kwenye mikunjo ya kalibu. Kwanza, koroga bila povu kama tulivyoeleza. Pili, acha kumimina katikati ya picha kwa kishindo. Chukua uji kidogo, upake kwa brashi laini ndani ya kila mchoro, hasa kwenye pembe na mashimo, mpaka uso wote umefunikwa na tabaka la milimita mbili au tatu. Ndipo umimine uliobaki kutoka kona moja, uenee wenyewe. Mwisho gonga meza kwa ngumi, au inua ubao wenye kalibu sentimita moja na kuuachia, mara kumi hivi. Viputo vitapanda na kupasukia nyuma ya bamba, ambako havina madhara.

Pua kukatika ni suala la umbo. Kitu kilichotiwa ndani ya udongo kwa mshazari, ndani kukiwa kupana kuliko mdomo wa shimo, hakiwezi kutoka bila kuvunjika. Wafundishe watoto kuangalia kalibu kutoka juu kabisa, jicho moja limefumbwa: ukuta wowote wa shimo ambao hawauoni kutoka hapo unajificha chini, na plasta itanasa humo. Kuta zote ziegemee nje kidogo. Hili likieleweka, mmeshapata nusu ya somo la kalibu, na ndiyo maana tunapendelea zoezi hili kuliko kalibu za plastiki za dukani zinazotoa vinyago vilivyo tayari.

Udongo mbichi hauhitaji mafuta. Plasta haishiki juu yake. Weka kina cha mchoro kisizidi sentimita moja na nusu, na udongo uliobaki chini yake usipungue sentimita moja. Zungusha ukuta wa udongo au mbao wenye kimo cha sentimita 4, ukiziba kwa kidole kiungo cha chini kwa ndani na kwa nje, kwa kuwa uji wa plasta hupenya ufa mdogo kuliko mnavyodhani. Kama mtatundika mabamba, zamisheni kitanzi cha waya wa mabati upande wa nyuma uji unapoanza kuwa mzito. Mkiutia mapema utazama hadi usoni.

Wakati wa kutoa, msivute bamba. Bandueni udongo kutoka kwenye bamba, pembeni kwanza, na mabaki yaoshwe kwa brashi na maji. Udongo uliogusana na plasta utengwe kwenye ndoo yake na utumike kwa kalibu tu. Kipande cha plasta kilichofichika kwenye chungu hunyonya unyevu hata baada ya kuchomwa, kikavimba na kubandua kibanzi cha chungu hicho.

Swali: Nataka darasa lichonge sanamu za mviringo kutoka kwenye bonge la plasta. Mabonge yetu ni magumu mno na yanavunjika vipande vikubwa. Je, tutumie plasta ya aina nyingine?

Plasta ni ileile. Mchanganyiko ndio unaobadilika. Kipimo cha lita 1 kwa kilo 1.4 kinatoa kitu kigumu kinachofaa kumiminwa. Kwa kuchonga, shusha unga hadi kilo 1 kwa lita 1. Ukiweza kupata vermikulaiti, zile chembe nyepesi za madini zinazotumika kwenye vitalu vya miche, changanya kwa ujazo sehemu moja ya maji, moja ya plasta na moja ya vermikulaiti. Koroga plasta kwanza, vermikulaiti iingie mwisho. Bonge litakatika kwa kijiko, na mikwaruzo yake ina mvuto wa jiwe la asili, ila haling'ariki na halibebi michoro midogo. Mchanga tusingeupendekeza: unaua makali ya visu na unaanguka kwa mapande.

Kalibu nzuri ya bonge ni boksi la maziwa la karatasi. La nusu lita linatosha mkono wa mtoto. Baada ya siku moja chana karatasi, kisha funga bonge kwenye mfuko wa plastiki. Tunasisitiza mfuko, kwa sababu kosa la pili la mabonge yenu, pengine, ni kuchongwa yakiwa makavu. Bonge lenye unyevu hukatwa taratibu na takataka zake huanguka chini. Bonge kavu hupasuka na kujaza chumba vumbi. Likikauka lizamishe ndani ya maji mpaka viputo vikome kutoka.

Kabla ya kukata, kila mwanafunzi achore umbo lake kwenye nyuso nne za bonge: mbele, nyuma na pande mbili. Wengi huchora mbele tu, na matokeo ni sanamu iliyo bapa yenye picha upande mmoja. Baada ya hapo wakate pembe zote kwa msumeno wa zamani au kisu cha mezani chenye meno, wakilizungusha bonge kila baada ya mikato michache, hadi umbo kubwa litokee. Macho, vidole na mapambo ni vya kipindi cha mwisho. Mtoto anayeanza na jicho hulilinda jicho hilo hadi mwisho, na kichwa kizima kinabaki mchemraba.

Shingo, miguu na mikono isiwe chini ya sentimita 2 kwa unene, na mikono ikae imegandana na mwili. Kwa sanamu yenye tundu, toboa kwa ncha ya bisibisi ukiizungusha, kutoka upande mmoja hadi katikati, kisha kutoka upande wa pili mpaka matundu yakutane. Ukitoboa moja kwa moja, upande wa kutokea unabanduka.

Bonge likae juu ya kitambaa kilichokunjwa au mfuko wa mchanga, nalo kisu kielekee mbali na mkono ulioshika. Kusugua kwa msasa kufanyike kwa msasa wa maji, na kazi iwe imelowa. Sakafu ipigwe deki. Ufagio mkavu unarusha vumbi lote hewani mkalivuta.

Kikivunjika kipande kazi ikiwa bado mbichi, chora mikwaruzo pande zote mbili, zilowe maji, paka uji mwepesi na ushikilie dakika chache. Kuweka plasta mpya juu ya plasta kavu bila kulowesha hakufai: ile kavu hufyonza maji ya mpya kabla haijaganda, na kiraka kinabanduka kwa ukucha. Kazi iliyokauka kabisa iungwe kwa gundi nyeupe ya mbao.

Swali: Wanafunzi wanaomba kutoa nakala za mikono yao kwa kuizamisha kwenye plasta. Ni salama?

Hapana, na msikubali hata kwa kubembelezwa. Plasta ikiganda hutoa joto, na kwenye ndoo au boksi lenye uji mwingi joto hupanda hadi nyuzi 60 au zaidi, wakati ambapo mkono umeshakamatwa na hautoki. Mwaka 2007 nchini Uingereza, msichana wa miaka 16 alizamisha mikono yake kwenye ndoo ya plasta katika somo la sanaa na akapoteza karibu vidole vyote. Shule ilitozwa faini mahakamani.

Kwa nakala ya mkono tumieni alginati, unga unaotumiwa na madaktari wa meno kuchukua umbo la meno. Unaganda ukiwa laini na baridi, mkono unatoka, kisha plasta inamiminwa kwenye tundu lililobaki. Njia isiyo na gharama ni kukandamiza kiganja kwenye udongo mbichi na kumimina humo. Vinyago vya uso tunashauri vijengwe juu ya puto au kinyago cha plastiki, maana uso wa mwenzake haumpi mtoto nafasi ya kukosea karibu na pua na macho.

Swali: Tulijenga watu wa waya na kuwafunika kwa bendeji za plasta. Siku ya pili wameinama, na baada ya wiki madoa ya kahawia yakatokea.

Madoa ni kutu. Tumieni waya wa mabati au wa alumini. Kama upo wa chuma tu, upakeni vanishi na uachwe ukauke kabla ya kazi.

Kuinama kuna sababu kuu mbili. Ya kwanza ni kiunzi chembamba. Kwa mtu wa sentimita 30, sokota pamoja nyuzi mbili za waya wa milimita 2 na uzipigilie kwenye kibao kwa misumari ya umbo la U. Kiunzi kisimame chenyewe, na ukikisukuma kwa kidole kirudi. Ya pili ni kubandika bendeji moja kwa moja kwenye waya, nayo haina pa kushika. Jaza kwanza mwili kwa karatasi za magazeti zilizofinywa na kufungwa kwa utepe wa karatasi, ukiacha nafasi ya unene wa plasta, la sivyo mtu wako atanenepa kuliko ulivyokusudia.

Bendeji ikatwe vipande vya sentimita 3 kwa 10 kwa mkasi mkavu na mikono mikavu. Tone moja likiangukia rundo, vipande hivyo vimekwisha. Zamisha kipande kimoja kwa sekunde tatu, kipitishe kati ya vidole viwili kutoa maji ya ziada, kibandike, halafu ukisugue kwa kidole mpaka matundu ya kitambaa yasionekane. Ukiacha matundu, umebandika kitambaa tu. Tabaka tatu zinatosha, kila moja ikikatiza iliyo chini yake, na viungo kama goti na kwapa vipewe nne. Maji yakishakuwa meupe mazito, yabadilishe.

Alberto Giacometti alijenga watu wake warefu wembamba kwa plasta juu ya viunzi vya chuma, naye George Segal alitumia bendeji za plasta juu ya watu halisi kuanzia mwaka 1961. Picha za kazi za wawili hao zikibandikwa ukutani hufanya kazi nzuri kuliko maelezo: watoto wanaona kwamba uso wa plasta wenye alama za vidole unaweza kuachwa hivyo.

Swali: Sinki letu limeziba.

Fundi atalazimika kufungua bomba, kwani plasta huganda hata ndani ya maji. Kuanzia sasa, wekeni ndoo mbili. Ya kwanza ni ya kusuuza mikono na vyombo, ya pili ya kumalizia. Ziacheni mpaka kesho, mwageni maji masafi ya juu, na ukoko wa chini uende kwenye pipa la taka. Uji uliobaki kwenye beseni ugande humohumo, kisha ubanduliwe.

Swali: Rangi inabambuka kwenye mabamba yetu baada ya wiki chache. Tuliyakausha kwa siku mbili.

Siku mbili hazitoshi bamba la sentimita 2. Panga siku saba hadi kumi, likiwa limesimama wima au juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite nyuma. Liguse kwa shavu: likiwa baridi kuliko meza, bado lina maji. Ukitaka uhakika, pima uzito kila siku. Ukikoma kupungua, limekauka. Msiharakishe kwa oveni. Joto likizidi nyuzi 45 kwa muda mrefu, plasta inaanza kupoteza maji yale yaliyoifanya igande, na uso unakuwa unga.

Likikauka, paka gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne, mara mbili. Bila hiyo plasta hunyonya maji ya rangi ya akriliki mara moja, na brashi inaacha michirizi. Kwa anayetaka rangi ya maji iliyopoa, asipake gundi: rangi itazama na kubaki hafifu, jambo ambalo kwenye sanamu za wanyama mara nyingi linapendeza zaidi ya mng'aro wa akriliki.

Swali: Tuna mfuko wa plasta wa mwaka juzi stoo. Unafaa?

Plasta hunyonya unyevu wa hewa polepole hata mfuko ukiwa umefungwa. Chekecha kidogo, ukikuta chembe ngumu zisizovunjika kwa vidole, mfuko umeshaharibika. Kama unapita kwenye chekeche, koroga gramu 140 kwa mililita 100 za maji na umimine kwenye kikombe. Baada ya nusu saa inatakiwa kuwa na joto na ukucha usiache alama kirahisi. Ikiwa bado laini, unga huo usiingie kwenye kalibu ya mtoto. Mpya utakaonunua uhamishieni kwenye ndoo zenye mfuniko unaobana, zikae juu ya mbao badala ya sakafu, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwenye mfuniko.